Kidole cha Kushikia Uzi

Nilianza kuugua siku niliyosikia harufu ya nyama choma nyumbani kwangu, na nyumbani hapakuwa na nyama.

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, nimeshika njiti ya baiskeli, napasha moto ncha yake ili niichonge iwe sindano ya kufumia. Mume wangu Masunga ni fundi baiskeli pale sokoni Bariadi, kwa hiyo njiti tulikuwa nazo mpaka tunazikanyaga ndani. Harufu ilipokuja nilifurahi. Nikadhani jirani yangu Nkwimba kapata wageni, nikamwita juu ya ua, "Nkwimba, leo mmechinja?"

"Labda kwako," akajibu. "Huku tunatafuna michembe ya viazi."

Ndipo nilipotazama chini. Kidole changu kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa jiko, kimetulia, kinaiva. Nilikinyanyua, ngozi ikabaki kwenye bati. Hakikuniuma hata chembe, na hilo ndilo lililonitapisha. Nilitapika palepale kando ya moto, mdomo wangu ukiwa umeshajaa mate kwa hamu ya nyama ya mwili wangu mwenyewe.

Ninaandika haya kwa mtu aliyeambiwa jana au juzi kwamba ana ukoma, naye amejifungia ndani. Habari za wadudu na mishipa utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitakueleza kinyaa, kwa sababu kinyaa ndicho kilichonisumbua kuliko kidonda, na hakuna aliyenionya.

Lakini kwanza ujue kwa nini kidole kimoja, tena kidogo, kilinitia wazimu kiasi hicho.

Tangu utotoni napenda kitu kilichotoka mikononi mwa mtu. Bibi yangu alikuwa mshona vibuyu. Kibuyu cha maziwa kikipasuka alikuwa akiletewa, anatoboa matundu madogo kandokando ya ufa, anaushona kwa kamba nyembamba, mpaka mshono unapendeza kuliko kibuyu chenyewe. Nilikuwa naweza kukaa mchana kutwa namtazama, nikisahau hata njaa. Baadaye nilipelekwa Binza, kule Maswa, kwa shangazi yangu, na huyo ndiye aliyenifundisha kufuma. Tulifumia mabua ya mtama yaliyochongwa kwa kisu, maana sindano za dukani hazikuwapo, kama ambavyo sabuni na khanga hazikuwapo miaka ile. Uzi ulikuwa uleule mmoja: tunafuma, tunafumua, tunafuma tena, mpaka ukawa mweusi kwa jasho la wasichana. Shangazi hakuwa na uvumilivu. Alikuwa anatuchapa vidoleni kwa bua.

"Kidole kidogo, Kabula! Hicho ndicho kinachoshika uzi. Hivyo vingine vinapiga kelele tu!"

Na ni kweli. Uzi unauzungusha kwenye kidole kidogo cha kulia, nacho ndicho kinachoukaza na kuulegeza. Kikikaza mno, sweta linasimama kama ubao. Kikilegea, linaning'inia mpaka magotini. Mtu akikuambia anajua kufuma, usiangalie sindano zake, angalia kidole hicho.

Halafu biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani yao, ghala la ushirika likabaki na popo, na mitumba ikaanza kumwagwa sokoni kwa marobota. Wazee waliiita kafa Ulaya, wakiamini ni nguo za Wazungu waliokufa, lakini waliinunua. Wenzangu walikuwa wakipigania magauni, mimi nikifuata masweta makubwa yaliyotoboka ambayo hakuna aliyeyataka. Nilikuwa natafuta mwanzo wa uzi kwenye mshono wa bega, navuta, sweta zima linakuja mkononi likiwa limejikunja kama tambi. Lilinuka makwapa ya mtu nisiyemjua, pamoja na dawa ya nondo. Nilikuwa nachemsha uzi huo kwa sabuni, nauvutia kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa unyooke, ukikauka naukunja madonge. Sweta moja la Mzungu mnene lilitoa seti za watoto wawili: visweta, kofia na soksi. Bariadi kuna jua la kuchoma utosi, lakini hakuna mama aliyekubali kumtoa mtoto mchanga nje bila sweta na kofia. Watoto wa mtaa wetu karibu wote walivaa kazi yangu, na binti yangu Limi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, alikuwa na seti za kubadilisha.

Msimu wa kabla ya kuungua, kazi yangu ilikuwa imeanza kulegea upande wa kulia. Mama mmoja aliniletea sweta lenye mkono mmoja mpana kuliko mwingine, nikalaumu uzi. Nilikuwa na doa lililopauka juu ya kiwiko, nalo nikalilaumu jua.

Masunga hakumwambia mtu habari ya jiko isipokuwa mmoja. Kulikuwa na mganga wa ukoma wa wilaya, mtumishi wa afya aliyezunguka vijijini kwa pikipiki, na siku moja alileta mpira wake kuzibwa. Masunga alikuwa ameinama kwenye beseni la maji akitafuta tundu la pancha, akamweleza humohumo bila kuinua uso. Yule bwana akasema, "Ukimaliza hapo, twende kwako."

Alifika, akanikalisha kwenye mkeka, akanyofoa pamba kidogo kutoka kwenye gunia letu la mlangoni, akaisokota mpaka ikawa nyembamba kama unywele.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa, nionyeshe nilipokugusa."

Nikafumba. Nikangoja. Nje kuku alikuwa akitangaza yai lake. Nikachoka kungoja, nikamwambia, "Daktari, si uanze basi."

"Nimeshamaliza," akasema.

Akaniambia ni ukoma. Akaniambia dawa zipo, bure, nitameza misimu miwili ya pamba, na nikishaanza kumeza simwambukizi mtu. Nilimuuliza swali moja tu, nalo lilikuwa kidole.

"Kidole sikuahidi," akasema. "Kinaweza kurudi, na kinaweza kisirudi."

Tatizo ni kwamba Bariadi nzima iliijua ile pikipiki. Ilikuwa imesimama mlangoni kwangu mchana kweupe, kila aliyepita akaisoma.

Mama mkwe alifika kutoka Nkoma kabla hata sijazoea vidonge. Hakuingia ndani. Alisimama uani, mtandio ameziba pua.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma kama mama yangu, nikapiga magoti.

"Mwangaluka. Hapohapo, usisogee." Akanitazama mikono. "Nilisema. Nilisema tangu mwanzo. Unafumua nguo za maiti, uzi mmoja mmoja, unaupitisha vidoleni. Ulidhani mwenyewe atanyamaza?"

"Mayu, mganga amesema ni ugonjwa tu, una vidonge vyake."

"Vidonge meza. Mtoto namchukua."

Nilimgeukia Masunga. Alikuwa ameshika spana, anaigeuzageuza kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mpaka leo nikikumbuka ile spana nasikia uchungu mdomoni. Mama mtu alikuwa mkali, lakini alikuwa na sababu zake, hata kama za ovyo. Mwanaume huyu alikuwa amemsikia mganga kwa masikio yake, na bado alinyamaza.

Mama mkwe akabeba madonge yangu yote ya uzi kwa ncha ya fimbo, akayarundika uani, akayachoma. Sufu inayoungua inanuka nywele. Halafu akambeba Limi mgongoni, akafunga khanga, na pale kwenye lango akageuka.

"Siku mikono yako itakapokuwa mikono ya mtu, uje Nkoma umchukue."

Limi alikuwa anatafuna pindo la khanga, ananitazama. Hakulia, maana alidhani anatembezwa.

Kabla ya kupanda gari, mama mkwe alipita kwa Nkwimba kunywa maji, na maji hayo aliyanywa polepole sana, huku akisimulia. Asubuhi chache baadaye nilitoka kufagia nikakuta ua wangu wa minyaa umevaa nguo. Vikofia, visoksi na visweta, seti kwa seti, vimechomekwa kwenye vijiti vya minyaa, utomvu mweupe umeshavigandisha. Hakuna aliyebisha hodi. Baadhi yao hawakujali hata kuvifua, vilinuka maziwa yaliyochacha na mkojo wa watoto. Seti ya Nkwimba ilikuwepo, ya njano yenye vifungo vya shati la Masunga. Huyu ni mwanamke niliyemkata kitovu mtoto wake kwa wembe, mkunga alipochelewa.

Nilisikia kinyaa ambacho sijawahi kusikia kwa kidonda chochote. Nilitema mate pale chini mpaka mdomo ukakauka.

Wiki hiyohiyo nilimkuta Nkwimba sokoni kwenye rundo la mitumba, amechagua sidiria, anaijaribu juu ya gauni, anajitazama kifua kulia na kushoto. Kumbe maiti wa Ulaya akija mzima hana ubaya. Akifumuliwa na Kabula ndipo anapoleta ugonjwa. Nilitaka kumuuliza kama aliyeivaa kwanza alikufa kwa nini, lakini alivyoniona aliondoka upesi akasahau hata kuishusha.

Kliniki yetu ilikuwa mara moja kwa mwezi. Wagonjwa wengine walingojea barazani. Sisi benchi letu lilikuwa nyuma, katikati ya choo na shimo la kuchomea taka, pamoja na wa kifua kikuu. Wale walikuja na makopo yao ya makohozi, na ungejifunza kuyajua makopo kabla hujayajua majina. Bandeji zilizotumika zilikuwa shimoni hatua chache tu kutoka pua zetu, na nzi walikuwa wakitoka kule wanatua kwenye midomo yetu bila kuchagua. Mtu akipita kwenda chooni alishika pumzi. Tulimwona mashavu yanavyovimba. Mara nyingine tulikaa mpaka saa ya kula kwa sababu pikipiki ilikuwa haina mafuta, na hakuna aliyekuja kutuambia tuendelee kungoja au twende.

Vile vidonge vya mara moja kwa mwezi, tulivyomeza mbele ya mganga, vilifanya haja ndogo iwe nyekundu. Mara ya kwanza nilidhani nimepasuka ndani, nikapiga kelele mpaka Masunga akaja na taa. Vile vya kila siku vilinipaka rangi. Niliingia kwenye dawa nikiwa mweupe wa kusifiwa, kufika palizi nilikuwa na rangi ya chungu kilichoungua, miguu ina magamba kama samaki aliyekaa juani. Hata jasho lilitoka na wekundu, na shuka la upande wangu likawa na umbo langu. Nakuambia usije ukashtuka: rangi hiyo inaondoka, polepole, lakini inaondoka. Wakati wenyewe haikufariji. Nilikuwa nikijipaka mafuta nimefumba macho.

Masunga aliendelea kula na mimi sahani moja, na hilo nampa haki yake. Ila zamani tulikuwa tunagombania tonge la mwisho, na sasa alikula upande wake, akifika katikati anasema ameshiba. Nilimalizia ugali wa watu wawili kila siku. Ndiyo maana kwenye picha za wakati ule nimenenepa.

Kwenye lile benchi ndipo nilipomkuta Mzee Maduhu. Alitoka Lingeka, huko Meatu, kwenye ng'ombe. Ukoma wake ulikuwa wa zamani, wa kabla ya vidonge hivi, na alikuja kwa ajili ya vidonda vya miguu. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha, amebaki na viganja vyenye vishina. Siku ya kwanza alipokaa karibu yangu nilijisogeza, akasogea, nikajisogeza tena. Bandeji yake ilinuka, na mimi niliyekuwa nikilia kwa sababu ya watu wa minyaa nikaziba pua kwa khanga.

"Jisogeze tu, mayu," akasema bila kuniangalia. "Benchi likiisha utakaa chini."

Nikacheka, bila kupenda. Hakuwa mtu wa kukupa moyo. Kazi yake ilikuwa kulalamika: bei ya ng'ombe mnadani, chai ya Bariadi ina maji mengi, wajukuu wamekuwa wavivu tangu redio zianze kuuzwa ovyo. Lakini alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza, "Na wewe kabla ya hapa ulikuwa unafanya nini?" Wengine wote waliniuliza nimeupatia wapi.

Nilimwambia nafuma. Nikamwambia sifumi tena, uzi unaniponyoka, kidole kimekufa.

"Uzi unao?"

Nilikuwa nao. Zile seti za kwenye minyaa sikuzichoma. Nilizing'oa moja moja, nikazilowesha kwenye mafuta ya taa utomvu ulegee, nikazifua, nikazifumua zote nikiwa nimekunja uso. Kliniki iliyofuata nilikwenda na uzi mfukoni kwa sababu tu ya kuchoshwa na kutazama makopo. Ulikuwa umejipotapota, nikatafuta pa kuuvutia, hapakuwa na kiti cha kupindua. Mzee Maduhu akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu.

"Weka hapa. Angalau hapa uzi haukwami popote."

Nilitazama vile viganja. Kisha nikauweka uzi, nikaanza kuukunja donge, naye akawa anapeleka mikono kushoto na kulia kuufuata, taratibu, kama mtu aliyekuwa akifanya hivyo maisha yake yote. Yule mwenye kopo la kijani akasogea kutazama. Ndiyo siku ya kwanza sikusikia harufu ya shimo.

Yeye pia ndiye aliyenipa njia. Aliniona nikijaribu kuzungusha uzi kwenye kidole, unateleza, nazungusha, unateleza, natukana.

"Mimi kamba ya ng'ombe huwa naipitisha shingoni," akasema. "Akivuta nasikia. Nikitaka asimame, naegemea nyuma. Vidole vya nini?"

Nikaenda nyumbani, nikapitisha uzi nyuma ya shingo yangu kabla haujafika kwenye njiti. Mwanzo ulinikata ngozi, nikaweka kola ya shati la mitumba. Halafu shingo ikaanza kujua: hapa umekaza, hapa umelegea. Kwa mambo mengine ya mkono nilitumia macho. Mganga alikuwa ameshaniambia nisiguse sufuria kabla ya kuitazama, nisishike jembe bila kitambaa, kila jioni niukague mkono kama mtu anavyokagua miguu ya mtoto kutafuta funza. Nilikuwa najifunza kufuma upya, na umri wangu ule, nikiwa na nafasi ya kumtukana shangazi aliyezikwa zamani Binza. Safu ya kwanza iliyonyooka niliifuma mvua za masika zikipiga bati. Niliipapasa shavuni kwangu, maana shavu lilikuwa zima.

Kitu cha kwanza kamili kilikuwa kofia ya Mzee Maduhu, aliyoniagiza mwenyewe. "Sina vidole," alisema, "ila kichwa kipo." Ilikuwa na rangi zote za watoto wa mtaani kwetu, njano ya Nkwimba ikiwa juu kabisa kwenye kishada. Aliivaa palepale, akalalamika inawasha.

Cha pili kilikuwa sweta la Limi. Sikuwa na mtoto wa kumpima. Nilipima kwa macho kupitia minyaa, kwa kijana wa Nkwimba, kwa kuwa yeye na Limi walizaliwa mvua moja. Akiongezeka bega, nami naongeza mishono. Nilifuma sweta la kijani wakati watu wanachuma pamba, Masunga akalipeleka Nkoma kwa baiskeli. Msimu uliofuata nikafuma la bluu, kubwa zaidi.

"Amelivaa?" nilimuuliza aliporudi.

"Mama amelipokea."

"Nimekuuliza amelivaa?"

"Amelipokea, Kabula," akasema, akaenda kuosha baiskeli iliyokuwa safi.

Watu walipochoma mashina ya pamba kwa mara ya pili, dawa zangu zilikwisha. Mganga alinikalisha kwenye benchi letu, akasokota pamba yake. Nikafumba macho. Kwenye kifundo cha mkono, nilisikia. Mgongo wa kiganja, nilisikia. Kidole cha pete, kwa taabu, nilisikia. Kisha nikangoja.

"Umepona, mama," akasema.

"Na kidogo?"

Akatikisa kichwa. "Hicho usikidai sana."

Nilifurahi na nilikasirika kwa pamoja, kwa kuwa bibi wa Nkoma alikuwa amesema mikono ya mtu, na mimi nilikuwa na mkono wenye kidole kilichopinda kama ndoana na kovu jeusi la jiko. Niliporudi nyumbani nilimkuta Nkwimba langoni, anatabasamu, binti yake mkubwa anakaribia kujifungua. Alikuwa anaulizia seti, "ile ya njano uliyokuwa unafuma zamani." Nikamwambia foleni ni ndefu. Foleni yenyewe haikuwa na mtu. Sijui kama nilifanya vema, ila nilikula vizuri siku ile.

Masunga akanipakia kwenye baiskeli, tukaenda Nkoma. Njiani alisema mara moja tu, akiwa ananipa mgongo, "Leo nitasema mimi." Nilikuwa nimeshamsikia akinyamaza.

Tulifika jua limelala, wanaume wakiwa mnadani, na mama mkwe akiwa zizini amechuchumaa chini ya ng'ombe. Limi alisimama nyuma yake. Alikuwa amekua, magoti yametokeza, amevaa sweta la mtumba lenye maandishi ya Kizungu kifuani na mikono iliyokunjwa mara nyingi. Kafa Ulaya, mzima mzima. Na mkononi mwa bibi, akifutia chuchu za ng'ombe kabla ya kukamua, lilikuwa sweta langu la kijani. Lilikuwa limekakamaa kwa mavi. La bluu nililiona nyuma yake, limeziba tundu la banda la kuku.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa salamu ya jioni.

"Mwadila." Aliona ninachokitazama. Hakulificha. "Sasa ulitaka nimvalishe mtoto nguo ya mgonjwa?"

"Kwa hiyo unamfutia ng'ombe."

"Ng'ombe haambukizwi."

"Na maziwa hayo anakunywa nani, mayu?"

Akafungua mdomo. Akatazama ndoo, akatazama sweta, akamtazama Limi ambaye alikuwa na masharubu ya maziwa mpaka puani. Ng'ombe akajisaidia. Nilisikia kicheko na kichefuchefu vinagombania kutoka.

Masunga alisema. Nampa haki yake tena. "Mama, mke wangu amepona. Alikuwa haambukizi tangu siku uliyomchukua mtoto, na mimi nilijua, nikanyamaza. Tumekuja kumchukua Limi."

Nikapiga magoti kwenye samadi, nikamnyooshea Limi mkono. Huo mkono wa kulia, kwa sababu mwingine nilikuwa nimeshikia ua nisianguke. Akaangalia kidole kilichopinda, uso ukajikunja kwa kinyaa alichofundishwa, nami nilikijua kinyaa hicho tangu kona ya mdomo. Nilipomsogelea zaidi akakidaka kidole kwa meno yake, akang'ata.

Nilitazama, kama nilivyofundishwa kutazama. Niliona meno madogo yanazama pembeni ya kovu. Niliona damu. Nikangoja, kama nilivyongoja ile pamba.

Ikauma.

Iliuma kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango kwa jirani, halafu karibu, halafu mlangoni kwangu. Nilipiga ukelele mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo.

"Limi! Acha! Mwachie!" bibi akapiga kelele.

"Mwache, mayu," nikasema nikilia. "Mwache ang'ate."

Lakini yeye hakusikia. Alikuwa ameona damu ya mtu, akasahau mengine yote. Akaruka, akamtoa mtoto, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, mkono ambao hakuwa ameugusa misimu miwili, akakitazama kidole kwa karibu mpaka pumzi yake ikanigusa, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine karibu, akakifunga kwa sweta la kijani. Akakaza fundo vizuri. Mavi yaligusa jeraha, nikasikia yanavyochoma, nikamwomba Mungu yaendelee kuchoma.

Nilinuka ng'ombe njia nzima mpaka Bariadi, Limi akiwa mgongoni amesinzia.